JERAHA BILA DAFTARI: MAJERUHI WA MAANDAMANO YA BUJUMBURA, 2015



Kila ifikapo tarehe 26 Aprili, wengi wetu tuliotoka Bujumbura huwakumbuka marehemu. Tunawataja mmoja mmoja, tunawaombea, kisha tunatawanyika kila mtu kwenye bloku yake. Ni jambo jema na liendelee. Lakini lipo kundi jingine ambalo halitajwi katika sala wala katika hotuba. Ni wale waliojeruhiwa wakabaki hai. Marehemu ana jina katika orodha. Majeruhi ana kovu tu, na kovu halisemi lilitoka wapi mpaka mwenyewe aseme.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Makala haya yanataka kuonyesha kwamba jeraha nalo ni hivyo hivyo. Tutaeleza kwa kifupi yaliyotokea Bujumbura mwaka 2015, silaha zilizotumika kutawanya watu na namna zinavyoumiza mwili, sheria inavyodai, na sababu zilizofanya majeraha mengi yasiandikwe popote. Hatuandiki ili kuchochea siasa, maana Kamati si chama, na kambini tunaishi watu wa kila upande. Tunaandika kwa sababu wazee wanaondoka, watoto waliozaliwa kambini wanauliza, na makovu bado yapo.

POLISI NA UMATI KABLA YA 2015

Hatuna budi kuanza nyuma kidogo. Mkataba wa Arusha uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000 ulikusudia, pamoja na mambo mengine, kuleta jeshi na polisi wa aina mpya nchini Burundi. Polisi ya Taifa ikaundwa mwaka 2004. Ndani yake waliingizwa askari wa jandarmeri ya zamani, polisi wa zamani na wapiganaji wa vikundi vilivyotoka msituni. Nchi rafiki, hasa Ubelgiji na Uholanzi, zilisaidia mafunzo na vifaa. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, askari wengi wa polisi waliendelea kubeba bunduki ya kivita aina ya Kalashnikov kama silaha yao ya kila siku, mjini na vijijini. Jambo hili msomaji alishike, kwa maana ndilo chanzo cha mengi yaliyofuata. Askari ambaye mkononi ana bunduki ya vita, akiona umati unamkaribia na moyo ukamruka, atatumia kile alicho nacho.

Dalili zilionekana mapema. Mwezi Machi 2013, katika kilima cha Businyana mkoani Kayanza, polisi waliwafyatulia risasi waumini waliokuwa wakienda kuhiji, na watu kadhaa waliuawa na wengine kujeruhiwa. Tarehe 8 Machi 2014, mjini Bujumbura, vijana wa chama cha MSD walipambana na polisi. Mabomu ya machozi na risasi vilitumika. Siku chache baadaye mahakama iliwahukumu watu 21 kifungo cha maisha. Kesi ile ilizungumzwa sana, na hukumu ile ilistahili kuzungumzwa. Walioondoka na risasi miguuni hawakuzungumzwa sana.

ALIPOTANGAZWA MGOMBEA

Jumamosi tarehe 25 Aprili 2015 chama tawala cha CNDD-FDD kilimteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea tena. Waliopinga walisema Mkataba wa Arusha unaruhusu mihula miwili tu. Waliounga mkono walisema muhula wa kwanza wa mwaka 2005 hauhesabiwi, kwa vile siku ile alichaguliwa na Bunge na siyo na wananchi moja kwa moja. Tarehe 5 Mei Mahakama ya Katiba iliamua kwamba anaweza kugombea, lakini kabla ya uamuzi huo makamu wa rais wa mahakama hiyo, Bwana Sylvère Nimpagaritse, alikuwa amekwisha kukimbilia Rwanda akisema majaji walitishwa.

Maandamano yalianza Jumapili tarehe 26 Aprili. Wakazi wa Musaga, Nyakabiga, Cibitoke, Mutakura, Ngagara, Kanyosha na mitaa mingine walitoka wakitaka kufika katikati ya mji. Polisi walifunga barabara. Siku ile ya kwanza yalitumika mabomu ya machozi na magari ya kumwaga maji, na risasi za moto nazo zilisikika. Watu waliuawa siku hiyo hiyo. Kesho yake redio RPA ilifungwa, na mzee Pierre Claver Mbonimpa, mtetezi wa wafungwa na haki za binadamu, alikamatwa, kisha akaachiwa.

Kwa wiki kadhaa mambo yakawa yale yale kila siku. Asubuhi vijana wanaweka vizuizi vya mawe, magogo na matairi yanayoungua, polisi wanakuja na gesi, mawe yanarushwa, risasi zinajibu. Katika mitaa kadhaa askari wa jeshi walisimama katikati ya polisi na waandamanaji, na mara nyingi pale waliposimama wao damu haikumwagika. Hili nalo liandikwe, kwani linaonyesha kwamba umati ule ule, barabara ile ile, ungeweza kutulizwa bila risasi.

Tarehe 10 Mei kundi la wanawake lilifanikiwa kuingia katikati ya mji hadi Uwanja wa Uhuru, bila jiwe mkononi. Walijaribu tena tarehe 13 Mei, na safari hii walikutana na maji na mabomu ya machozi. Siku hiyo hiyo Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kumpindua Rais. Jaribio hilo lilishindwa baada ya siku mbili. Redio binafsi zilishambuliwa na kuharibiwa, na baada ya hapo nguvu dhidi ya waandamanaji ziliongezeka. Mwezi Julai 2015 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti kuhusu miezi hiyo. Lilieleza kwamba polisi walitumia nguvu kupita kiasi, na kwamba walifyatua risasi hata kwa watu waliokuwa wakikimbia na mahali penye watoto.

Ukweli hauna upande mmoja. Polisi nao waliumia kwa mawe na kwa maguruneti, na baadhi yao waliuawa. Tarehe 7 Mei, mtaani Nyakabiga, mtu aliyeshukiwa kuwa Imbonerakure aliuawa na umati. Jiwe lina uzito, na mama wa askari naye ni mama. Anayetaka majeraha yake yaandikwe akubali na ya mwenzake yaandikwe.

SILAHA HIZI HUUMIZAJE?

Watu wengi hudhani kwamba silaha za kutawanya umati ni za kutisha tu na haziumizi. Dhana hiyo si sahihi, na wauguzi wetu wanalijua hilo. Tuzitazame moja baada ya nyingine.

(a) Bomu la machozi. Dawa itumiwayo zaidi inaitwa CS, herufi za mwanzo za majina ya wanakemia wawili wa Kimarekani, Corson na Stoughton, walioitengeneza mwaka 1928. Ingawa tunaiita gesi, kwa kweli ni unga laini sana unaoruka hewani na kushika macho, pua, koo na ngozi yenye jasho. Mahali pa wazi, mtu mzima mwenye afya hupata nafuu baada ya muda mfupi akitoka kwenye moshi. Ndani ya nyumba hali ni nyingine. Mitaa ya Bujumbura nyumba zimebanana. Kopo likiangukia uani au ndani ya chumba, mtoto mchanga, mzee au mwenye pumu hana pa kukimbilia. Tena kopo lenyewe ni chuma cha moto. Likifyatuliwa moja kwa moja kuelekea watu badala ya kurushwa juu, huvunja fuvu, hupasua jicho na huunguza ngozi. Dawa ya gesi hii ni hewa safi, maji mengi safi machoni, kuvua nguo zilizoshika unga, na sabuni. Kujipaka dawa ya meno au kumwagia siki machoni hakusaidii, na huweza kuongeza madhara.

(b) Gari la maji. Maji yakitoka kwa msukumo mkubwa humwangusha mtu kwenye lami au ukutani. Mjini Stuttgart, Ujerumani, mwezi Septemba 2010, mzee mmoja alipigwa na maji hayo usoni akapoteza karibu uwezo wake wote wa kuona. Ni maji ya kawaida tu, lakini nguvu iliyoyasukuma ndiyo iliyomharibu.

(c) Kirungu. Kikipiga paja huacha uvimbe. Kikipiga kichwa huweza kuvujisha damu ndani ya fuvu, na mtu akarudi nyumbani akitembea kisha akafa usiku. Mkono uliokingwa mbele ya uso huvunjika mfupa wa chini ya kiwiko. Mfupa huo ukiunga vibaya, mkulima hawezi tena kushika jembe sawasawa.

(d) Risasi za mpira na za plastiki. Jeshi la Uingereza lilianza kuzitumia Ireland ya Kaskazini mwaka 1970 kwa madai kwamba haziui. Kule peke yake zimeua watu 17, wakiwemo watoto. Mwaka 2017 jarida la kitabibu BMJ Open lilichapisha uchunguzi uliokusanya taarifa za majeruhi 1,984 kutoka nchi mbalimbali. Kati yao 53 walifariki na 300 walibaki na ulemavu wa kudumu, wengi wa hao kwa kupigwa kichwani na shingoni, na ulemavu mwingi ulikuwa wa macho.

(e) Risasi ya moto. Hii si silaha ya kutawanya umati hata kidogo, lakini Bujumbura ilitumiwa kama ndiyo. Risasi ya Kalashnikov hutoka kwenye mtutu kwa kasi ya mita 700 hivi kwa sekunde. Tundu la kuingilia huwa dogo. Ndani hupasua nyama na kuvunja mfupa vipande vipande, huku ikiingiza uchafu na nyuzi za nguo kwenye kidonda. Risasi ya kutisha ipigwayo juu nayo hurudi chini, na hupita kwenye bati. Mtu aliyepigwa mguuni asipofanyiwa upasuaji wa kusafisha mapema, mfupa huoza ndani kwa ndani. Miaka kumi baadaye bado kidonda hufumuka, hutoa usaha, hufunga, kisha hufumuka tena. Wapo kati yetu wanaoyajua haya bila kusoma makala.

Tukiyapanga hivi tunaona jambo moja. Anayesema kwamba silaha fulani haiui anataja nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni umbali, ni sehemu ya mwili iliyolengwa, ni mahali ilipotumiwa, na ni muda uliopita kabla majeruhi hajafika kwa daktari. Kopo la gesi linaweza kuua, na risasi ya mguuni inaweza kupona. Anayeamua ni aliyeshika silaha, na baada yake ni yule anayemzuia au anayemsaidia majeruhi kufika hospitalini.

SHERIA INASEMAJE?

Mwaka 1990, katika mkutano uliofanyika Havana, Kuba, Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Msingi kuhusu Matumizi ya Nguvu na Silaha kwa Walinzi wa Sheria. Kanuni hizo zinadai askari atumie kwanza njia zisizo na nguvu. Nguvu ikibidi, iwe kwa kiasi kinacholingana na hatari. Na risasi isitumiwe kumwelekea mtu ila kuzuia hatari ya kifo au jeraha kubwa lililo karibu kutokea. Mwezi Machi 2017 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu nayo ilipitisha miongozo yake kuhusu namna polisi wanavyopaswa kusimamia mikusanyiko barani Afrika.

Linalotuhusu zaidi leo ni mambo mawili katika kanuni za 1990 ambayo mara nyingi husahauliwa. La kwanza ni kwamba kila aliyejeruhiwa, awe nani, apewe msaada na matibabu mapema iwezekanavyo, na ndugu zake waarifiwe. La pili ni kwamba kila mara nguvu ya polisi inaposababisha kifo au jeraha, askari anatakiwa kutoa taarifa kwa wakubwa wake mara moja, ili ichunguzwe.

Kwa maneno mengine, sheria inalitaka jeraha liwe na karatasi. Daktari aandike, askari aandike, mchunguzi aandike. Daftari ni sehemu ya haki yenyewe, maana pasipo daftari hakuna wa kuulizwa.

HOSPITALI NA HOFU

Bujumbura mwaka 2015 hospitali zilikuwepo, na waganga wengi walifanya kazi usiku na mchana. Wafanyakazi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wa Burundi walibeba majeruhi kutoka vizuizini huku risasi zikilia. Mwezi Julai 2015 Madaktari Wasio na Mipaka, yaani MSF, walifungua kituo cha kutibu majeraha katika jengo la Arche, mtaani Kigobe, wakitibu bure. Wapo ambao leo wanatembea kwa sababu ya watu hao.

Lakini majeruhi wengi hawakwenda hospitali, au walikwenda wakatoroka kabla ya kupona. Sababu ni hofu. Risasi mwilini ilihesabiwa kuwa ushahidi wa kosa: kama umepigwa, basi ulikuwepo, kama ulikuwepo, wewe ni mwasi. Ripoti za haki za binadamu zilieleza kwamba mara baada ya jaribio la mapinduzi kushindwa, askari walioasi na kujeruhiwa walifuatwa hospitalini na kupigwa risasi humo humo. Habari ya namna hiyo haihitaji redio, hupita mdomo kwa mdomo. Mwezi Agosti mzee Mbonimpa mwenyewe alipigwa risasi akiwa ndani ya gari. Alipona, akatibiwa nje ya nchi. Yeye alikuwa na jina linalojulikana duniani. Kijana wa Mutakura au Musaga hakuwa nalo.

Basi watu walitibiwa vyumbani. Kidonda kilioshwa kwa maji ya chumvi, kikafungwa kwa kitenge. Muuguzi jirani akaitwa usiku, akashona kwa mwanga wa simu, naye akaomba asitajwe. Alitenda wema, na wengi aliwaokoa. Ila wema ule haukuacha karatasi. Hakuna cheti, hakuna picha ya mfupa, hakuna tarehe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa Bujumbura ya mwaka ule ilikuwa kinyume: wengi waliyaficha maradhi ili kifo kisiwaone.

KUTOKA BUJUMBURA HADI KAMBINI

Kisha tukakimbia. Wengine walikwenda Rwanda wakapokelewa Mahama, wengine wakavuka kwenda Kongo hadi Lusenda, wengine Uganda. Waliokuja Tanzania wengi walipita Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima na ziwa Tanganyika. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya watu walikaa pale ufukweni, na kipindupindu kikaingia. Meli ya MV Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwapeleka watu Kigoma, wakalala katika uwanja wa mpira, kisha mabasi yakawaleta Nyarugusu. Baadaye zilifunguliwa Nduta na Mtendeli. Hadi mwaka 2017 zaidi ya watu 400,000 walikuwa wamehama makwao.

Pale Kagunga na uwanjani Kigoma, waganga walipigana na kipindupindu, na walikuwa na haki. Mtu anayeharisha hadi kukauka hawezi kusubiri. Mwenye risasi ya zamani pajani anaweza. Kwa hiyo mwenye risasi akasubiri. Alipofika mezani kuandikishwa, akiulizwa kovu hili umelipataje, alijibu: nilianguka. Alisema hivyo kwa sababu hakumjua anayemwuliza, hakujua nani amesimama nyuma yake kwenye foleni, na alikuwa bado na ndugu nyumbani. Neno hilo moja likaingia kwenye fomu. Kuanzia siku hiyo, kwa mujibu wa karatasi, yeye ni mtu aliyeanguka.

Matokeo yake tunayaona hadi leo. Anapoomba rufaa kwenda hospitali ya mkoa, historia yake haiendani na mfupa wake. Anapohojiwa kwa ajili ya makazi katika nchi nyingine, anasema alipigwa risasi, nayo fomu ya kwanza inasema alianguka, anaonekana mwongo. Usiku radi ikipiga, au mvua ya mawe ikigonga bati, anaruka kitandani, na watoto wake wanadhani baba ana wazimu. Jeraha lisiloandikwa halikomi kwenye mwili. Linakula jina la mtu na amani ya nyumba yake.

SI BUJUMBURA PEKE YAKE

Wenzetu kutoka Kongo, ambao wengi walitutangulia katika kambi hizi tangu mwaka 1996, wasije wakadhani tunajisemea sisi tu. Wanaikumbuka Kinshasa ya tarehe 16 Februari 1992, Wakristo walipoandamana kwa amani na kufyatuliwa risasi. Wanaukumbuka pia Januari 2015, miezi mitatu tu kabla ya yale ya Bujumbura, watu walipoandamana Kinshasa na Goma kupinga sheria ya uchaguzi na kupokewa kwa gesi na risasi.

Hata ndugu zetu Watanzania, wenyeji wetu, wanao mfano. Tarehe 27 Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi Unguja na Pemba baada ya uchaguzi wa mwaka 2000. Watu wapatao 2,000 walipanda mashua wakavuka hadi Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi, wakiwemo majeruhi walioogopa kutibiwa nyumbani. Ziwa kwa bahari, mambo ni yale yale: risasi, hofu ya hospitali, chombo cha usiku, na kovu ugenini.

DAFTARI LINAWEZA KUFANYA NINI?

Msomaji anaweza kuuliza: miaka imepita, Rais Nkurunziza alifariki mwezi Juni 2020, tuandike ili iwe nini? Swali ni la haki.

Mwezi Septemba 2016 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliunda Tume ya Uchunguzi kuhusu Burundi. Tume haikuruhusiwa kuingia nchini. Ilifanya kazi yake kwa kuwasikiliza watu walioko nje, yaani watu kama sisi. Mwaka 2017 ilisema ina sababu za kuamini kwamba uhalifu dhidi ya binadamu ulitendeka. Serikali ya Burundi ilikataa matokeo hayo. Tarehe 25 Oktoba mwaka huo, siku mbili kabla Burundi haijatoka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, majaji wa mahakama hiyo waliruhusu uchunguzi ufunguliwe. Muda uliotajwa unaanza tarehe 26 Aprili 2015, ile Jumapili ya kwanza. Kwa hiyo siku ile ina mahali pake katika daftari la dunia. Ambao hawana mahali ni wengi wa majeruhi wake.

Aidha, hata kama kesi haitakuwepo kamwe, daftari lina faida ya karibu zaidi. Daktari anayejua kwamba ni risasi atapiga picha ya mfupa. Asiyejua atatoa dawa ya maumivu. Mshauri anayejua chanzo cha hofu ya radi atajua pa kuanzia.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza yafuatayo:

1. Kila aliyeumia, wa mwaka 2015 au wa zamani zaidi, Mrundi au Mkongomani, aandike au aandikiwe na mtu anayemwamini: siku, mtaa, aliumizwa na nini, alitibiwa wapi. Asiyekumbuka tarehe ataje jambo lililotokea wiki ile.

2. Karatasi hiyo ibaki kwake. Isibandikwe ukutani, isisomwe mkutanini, wala jina la muuguzi aliyesaidia kwa siri lisitajwe. Wapo wenye ndugu nyumbani.

3. Akienda zahanati amweleze mganga ukweli faraghani. Siri ya mgonjwa ni wajibu wa kazi ya mganga.

4. Tunawaomba ndugu zetu wa mashirika: mkikuta fomu ya zamani inasema mtu alianguka, na leo anasema alipigwa, msianze na neno uongo. Mwulizeni tena, mlango ukiwa umefungwa, kwa lugha anayoijua vizuri.

5. Wazazi wawaeleze watoto bila kuwapandikizia chuki. Mtoto akijua kwa nini mguu wa baba ni mfupi, hataucheka.

Ndugu wasomaji, mwaka huu tutakapokusanyika kuwaombea marehemu, Kamati inaomba tukae kimya dakika moja zaidi kwa ajili ya waliobaki na makovu. Dakika hiyo wasimame, yule anayeweza kusimama. Hatutawauliza walikuwa upande gani wa kizuizi.

Mungu awalaze marehemu wetu mahali pema, awaponye majeruhi, na aturudishe sote nyumbani kwa amani siku atakayopenda.